Wakuu, nichukue kifaa gani cha kupiga CD za mzee na kuzinakili kabla hazijafa?

#1 Mwana wa Chumbageni

Wakuu, habari za usiku. Kuna jambo linanisumbua, mwenye uzoefu anipe mwanga. Maelezo ni marefu kidogo, mnivumilie.

Mzee wangu yuko Tanga, amevuka sabini. Pasaka hii mimi na mdogo wangu tulikaa sebuleni tukahesabu CD zake: 263. Ziko kwenye maboksi ya viatu na kwenye zile pochi nyeusi za zipu. Humo utakuta taarab ya Unguja na ya Mombasa, dansi la Sikinde na Msondo, rumba za Zaire alizoletewa na rafiki yake baharia, kwaya alizokuwa akinunua marehemu mama, na rundo la CD zilizochomwa mtaani, majina yameandikwa kwa maka peni. Nyingine zimepauka, nyingine zina mikwaruzo kama zimelimiwa.

Deki yake imekufa. Fundi alibadilisha jicho la kusomea CD mara mbili, mara ya tatu akamwambia jicho la aina hiyo haliji tena. Tangu hapo mzee anasikiliza redio ya taarifa tu, na amenuna.

Yeye anataka atie CD, abonyeze, asikilize. Mimi nataka nyimbo zihamie mahali salama kabla CD hazijaoza. Nina laki nne. Mtandaoni nimeona mashine inaitwa Brennan, inameza CD, inanakili yenyewe, inapiga yenyewe. Nimeona pia redio kubwa zenye CD na USB, zina kitufe kimeandikwa REC. Na kijana mmoja wa dukani Kariakoo ananiambia nichukue deki yoyote yenye USB, "inafanya yote, bro". Nataka kifaa kimoja, sitaki makorokoro.

Niseme pia kwamba nilishajaribu njia ya mkato nikaumbuka. Nilichukua CD kumi, nikatumia kompyuta ya kazini yenye mlango wa CD. Nikaona Track01 mpaka Track12, nikakopi zote kwenye flashi. CD nzima haikuchukua hata sekunde mbili. Nikasema kumbe kazi yenyewe ndiyo hii! Nimefika Tanga, flashi haipigi hata wimbo mmoja, mzee ananitazama tu.

#2 Mkaa Kimya

Natandika mkeka hapa. Mimi nina za marehemu shemeji, kama 80 hivi.

#3 Kijana wa Leo

Mkuu, CD zimeshapita. Kila wimbo uko YouTube. Mnunulie mzee simu, mwekee bando, mambo yaishe.

#4 Mpenda Dansi

Kijana wa Leo, kila wimbo? Hebu nitafutie kwaya ya kijijini kwetu iliyotoa CD mia mbili, ikaziuza zote mlangoni mwa kanisa siku moja, halafu mwalimu wao akahamishwa. Na hizo za dansi zilizoko huko, nyingi mtu kazitoa kwenye kaseti iliyolegea, gitaa la solo linalia kama limekunywa. Mleta mada endelea, una mali hapo.

#5 Fundi Jicho

Mleta mada, pole na safari ya Tanga. Ulichokopi si nyimbo.

CD ya muziki haikuwekwa mafaili kama flashi. Sauti imepangwa mfululizo, vipimo 44,100 kwa kila sekunde, biti 16 kila kimoja, kushoto na kulia. Windows ikikutana nayo inakutengenezea vijifaili vyenye mkia wa .cda ili uone kitu cha kubonyeza. Kila kimoja kina baiti 44. Ni kibao tu kinachosema "wimbo wa tatu unaanzia hapa na urefu wake ni huu". Umebeba vibao vya barabarani, mji umeuacha kwenye CD.

Kipimo cha haraka: dakika moja ya CD ya muziki ni kama megabaiti 10. CD ya saa nzima inakaribia megabaiti 635. Ikihama kwa sekunde mbili, jua hakuna kilichohama.

Sasa kuhusu kifaa. Kupiga na kunakili ni kazi mbili zenye tabia tofauti, na ndiyo maana hicho kifaa kimoja unachokitafuta kitakula hela yako. Deki inapopiga, ikifika penye mkwaruzo ikashindwa kusoma, inakisia kipande kilichopotea na kusonga mbele. Sikio halishtuki. Hiyo ni sifa nzuri kwa mzee aliyekaa barazani. Lakini ukinakili kwa mtindo huo, kile kisio kinakuwa ndicho wimbo wako hadi kiama. Chombo cha kunakili kinatakiwa kiwe kibishi: kikishindwa, kirudi nyuma kisome tena, kisome tena, na kikishindwa kabisa kikwambie.

Kwa hiyo mnunulie mzee deki ya kawaida ya bei ndogo, wewe nunua draivu ya CD ya nje ya kuchomeka kwenye laptopu. Hela itabaki.

#6 Mwana wa Chumbageni

Asante Fundi. Kwa hiyo ile Brennan ni uongo?

#7 Baharia wa Muttrah

Assalaam alaykum jamaa zangu. Mie niko Maskati, kwetu Malindi Unguja. Hicho chombo cha namna hiyo ninacho, sikitaji jina maana sitaki kuharibia watu biashara, nimekaa nacho mwaka wa nne sasa.

Si uongo. Unatia CD, kinavuma kidogo, kinaitema, nyimbo zimeshaingia ndani. Wageni wakija wanastaajabu. Kwa CD mpya zilizotoka Ulaya ni raha tupu, maana kinakwenda kwenye intaneti kinaleta majina na picha ya jalada.

Tatizo ni hizi zetu. Nilitia taarab niliyochomewa Darajani na kijana mmoja, kikanambia "Msanii Asiyejulikana, Albamu Isiyojulikana". Ikaja ya pili, Asiyejulikana. Baada ya wiki nikawa na Wasiojulikana arubaini na kuwatafuta kwa rimoti yenye herufi ndogo ndogo, wallahi ilinishinda. Mwisho nikazichomoa nyimbo zote nikazitengeneza kwenye kompyuta, yaani kazi ile ile niliyokuwa naikimbia.

Na bei, ndugu yangu. Hizo za Brennan za Uingereza zinaanzia mamia ya pauni. Ukipanda kwa akina Innuos au Naim ni maelfu. Hapo hujalipa mzigo wala ushuru. Laki nne yako haifiki hata mlangoni.

Kitu kingine: diski iliyomo ndani ya hicho chombo ikifa, na nyimbo zimekufa. Mie yangu ililia siku moja kama punje za mchele kwenye kopo, roho ikanitoka. Bahati nilikuwa na nakala.

#8 Mtoto wa Kisauni

Nami nchangie kutoka Mombasa. Zile redio zenye REC nimetumia mno, duka la mjomba wangu tulikuwa nayo. Yafanya kazi, sisemi haifanyi. Watia CD, wachomeka flashi, wabonyeza. Lakini nyingi zao zaandika MP3 ya kilobiti 128, yaani sauti iliyobanwa sana, na huwezi kubadilisha. Nyengine zakopi kwa mwendo wa kusikiliza, CD ya saa moja wangoja saa moja. CD 263, hesabu mwenyewe hizo siku.

Halafu majina. Zitoka TRACK001, TRACK002, kwenye folda iitwayo CD001. CD ya pili nayo TRACK001. Mjomba alikuwa na flashi ina nyimbo mia nane hajui moja ni ipi. Mteja akiomba wimbo, yeye humwambia, "keti, utakuja."

Kwa mzee mwenye CD kumi, chukua. Kwa hazina kama hiyo ya babako, la.

#9 Mwana wa Chumbageni

Hahaha "keti, utakuja". Haya nimeelewa, kifaa kimoja kimenishinda. Fundi, draivu gani na programu gani? Laptopu yangu haina mlango wa CD, ina USB tu.

#10 Fundi Jicho

Draivu za nje zenye jina, LG au ASUS, zile nyembamba za DVD, zinatosha kabisa. Usihangaike na ya Blu-ray, CD haihitaji. Zisizo na jina ziko kila kona kwa nusu bei. Mimi nilinunua moja, ilikuwa na mlango wa USB wa bluu unaometameta, nilipoifungua nikakuta ndani ni draivu kuukuu ya laptopu iliyovalishwa shati jipya. Ilisoma CD sita ikaanza kwikwi.

Ile SuperDrive ya Apple utaiona kwenye mitumba imependeza. Iache kama huna Mac, imeundwa kwa Mac na kwenye Windows itakusumbua.

Jambo ambalo watu hawalijui ni umeme. Hizi draivu zinakula umeme wa USB, na pale zinapoanza kuzungusha CD zinavuta kwa nguvu. Ukiichomeka kupitia kigawanyio cha USB au waya mrefu wa kuungia, itazunguka, itakoroma krrr krrr, halafu itazima, na wewe utasema CD ni mbovu. Chomeka moja kwa moja kwenye laptopu. Zile zinazokuja na waya wenye vichwa viwili, chomeka vyote.

Nikwambie na siri ya mafundi: kama unaweza kupata CPU ya mtumba, Dell OptiPlex au HP ya ofisini yenye mlango wa CD mpana, hiyo draivu ya ndani inazishinda zote hizi nyembamba. Ni nzito, haitikisiki, umeme wake wa uhakika. Mimi kazi zangu zote za CD zilizochubuka nazipeleka huko. Laptopu za mtumba kama ThinkPad T430 au Latitude E6430 nazo zina mlango wa CD, na zina faida kwamba umeme ukikatika kazi haikatiki katikati.

Programu: kwenye Windows mimi natumia Exact Audio Copy, ni ya bure. Sura yake ni ya kizamani na mipangilio yake itakuchosha siku ya kwanza. Ukitaka nyepesi chukua fre:ac, nayo ni ya bure. Mwenye Mac achukue XLD.

Sasa hapa sikiliza vizuri. Wazungu wakinakili CD wanaringa na kitu kinaitwa AccurateRip. Ni hazina ya mtandaoni: programu inalinganisha ulichokisoma wewe na walichokisoma watu wengine wenye CD hiyo hiyo. Zikilingana, unajua umepata sawasawa. Zile CD za mzee zilizotoka Sonodisc ya Ufaransa, au taarab zilizotolewa na Buda Musique wa Paris, una nafasi nzuri ya kuzikuta humo. Lakini CD ya kwaya au iliyochomwa mtaani hakuna mwenzako duniani aliyeisoma. Dawa yake ni kuisoma mara mbili wewe mwenyewe. Exact Audio Copy ina chaguo la kujaribu kisha kunakili, inakupa namba mbili kwa kila wimbo. Zikifanana, umepata. Zikitofautiana, CD au draivu ina walakini, isafishe urudie. Inachukua muda mara mbili, lakini usipofanya hivyo utakuwa unakusanya tu bila kujua umekusanya nini.

#11 Mama Kwaya

Wapendwa, nami nimo. Fundi, mbona CD nyingine nikitia kwenye hizo programu zinasema hakuna nyimbo, na kwenye deki zinapiga vizuri kabisa na picha juu?

#12 Fundi Jicho

Dada, hizo ni VCD, yaani CD za video. Kwetu vyote tumeviita CD kwa sababu umbo ni moja. Kabla ya kununua chochote, mleta mada atenge mafungu kwanza. CD ya muziki ikifunguliwa kwenye kompyuta inaonyesha hivyo vijifaili vya .cda. VCD inaonyesha folda, mojawapo inaitwa MPEGAV, na ndani yake kuna AVSEQ01.DAT na ndugu zake. DVD ina folda la VIDEO_TS. Na CD ya MP3, zile za nyimbo 150 kwa buku, inaonyesha mafaili ya .mp3, hizo unaweza kukopi na kubandika tu kama alivyofanya mleta mada.

Hiyo ya DAT fungua kwa VLC, programu ya bure ya kupiga video, itapiga. VLC hiyo hiyo inaweza kukutolea sauti peke yake. Sauti ya VCD ni ya kilobiti 224, si mbaya kwa kwaya. Ila VCD ikichubuka ina roho nyepesi kuliko CD ya data, maana ilipunguziwa kinga ya makosa ili picha zienee. Kwa hiyo hizo zianze kunakiliwa mapema.

#13 Mama Kwaya

Ubarikiwe. Ninazo za watoto wa Jumapili 2008, wengine sasa wana watoto wao.

#14 DJ Mstaafu

Naona mnashauriana vizuri lakini hamjamwambia anakili kwa mfumo gani. Mimi nilipiga kumbi miaka kumi na minane: MP3 ya kilobiti 320 inatosha, hakuna sikio la binadamu ukumbini lililowahi kunilalamikia. FLAC, ule mfumo wa mafaili makubwa usiopunguza sauti, ni majivuno.

#15 Fundi Jicho

DJ, ukumbini watu wana bia kichwani. Kwa kusikiliza sibishani na wewe. Kwa kutunza ni FLAC, kwa sababu haitupi kitu. Kesho akitaka MP3 ataitoa kwenye FLAC, keshokutwa ukija mfumo mwingine ataitoa tena. Akianza na MP3, kilichotupwa kimetupwa. CD ya saa moja kwa FLAC ni kama megabaiti 350 hivi, kwa MP3 ya 320 ni 144. CD zake 263 hazifiki gigabaiti 100. Hadidiski ndogo kabisa dukani leo inazimeza na nafasi inabaki. Unabana nini?

#16 DJ Mstaafu

Sawa, lakini mwambie na hili, maana wapenda FLAC mnajidanganya. Hizo zilizochomwa mtaani, kijana alikuwa na MP3 za 128 kwenye kompyuta, akazichoma kuwa CD ya muziki. Ukiinakili kwa FLAC unapata faili kubwa lenye sauti ile ile iliyokondeana. Kumwagia maji pombe hakurudishi pombe.

#17 Fundi Jicho

Hapo nakupa mkono. Ipo programu ndogo inaitwa Spek, inachora sauti kwa rangi. CD halisi rangi inapanda mpaka karibu na kilohezi 22, kwenye sauti nyembamba kabisa. Iliyotokana na MP3 ya 128 kwa kawaida imekatwa kama kwa panga kwenye 16 hivi. Lakini angalizo: rekodi ya zamani ya Radio Tanzania (RTD) iliyotoka kwenye utepe nayo inaweza kuwa haina kitu juu huko, hiyo si kosa la mchomaji. Kwa hiyo mkato ulionyooka ndio wa kushuku, siyo giza lenyewe.

#18 Kijana wa Leo

Nimeanza kuelewa. Sasa mzigo wote huo ukishakamilika si aupandishe kwenye Telegram tugawane?

#19 Mpenda Dansi

Pole pole. Mtu kujinakilia CD yake asikilize kwake ni jambo moja. Ukianza kugawa na kuuza unagusana na Sheria ya Hakimiliki ya 1999 na watu wa COSOTA wanaosimamia hakimiliki, na zaidi ya hapo kuna wazee wa bendi ambao bado wako hai na hawajawahi kuona shilingi ya hizo nyimbo. Mzee wa mleta mada alinunua zake, nina hakika majalada yana stika za kodi za TRA.

#20 Mwana wa Chumbageni

Zinazo, Mpenda Dansi, baadhi! Zile za baada ya 2013.

Wakuu nimekwenda. Draivu ya LG elfu 75, deki ya mzee elfu 70, hadidiski laki na thelathini. Nikirudi nitaleta mrejesho. Swali moja tu la mwisho: mikwaruzo. Mama mkwe ananiambia dawa ya meno.

#21 Fundi Jicho

Kwanza maji na sabuni ya kuoshea vyombo, kitambaa laini, futa kutoka katikati kwenda ukingoni, mstari ulionyooka. Usizungushe kama unasafisha sahani, maana mchubuko unaofuata mzunguko ndio unaopoteza kipande kirefu cha wimbo kwa mpigo. CD nyingi zinazosemwa mbovu zina mafuta ya vidole tu. Dawa ya meno inasugua plastiki, wakati mwingine inasaidia mkwaruzo mdogo upande wa chini, wakati mwingine inaongeza mia. Iwe ya mwisho kabisa, na iwe kwa CD ambayo umeshaikatia tamaa.

Na watu wanaulinda upande usiofaa. Upande wenye maandishi ndio dhaifu. Ule utando unaong'aa, ndio wenye data, uko juu karibu kabisa na jalada la maandishi, umefunikwa na rangi nyembamba tu. Chini kuna plastiki ya zaidi ya milimita moja. Inua CD kwenye taa. Ukiona vitobo vya mwanga kama nyota, palipo na nyota hapana muziki tena, hata uipake nini. Tanga na hewa ya chumvi, usishangae kuziona.

Ukikutana na ngumu, shusha mwendo wa draivu mpaka mara 4 au 8 ya mwendo wa kusikiliza. Na jaribu draivu nyingine kabla hujaizika. Kuna CD zinakataa draivu tatu, ya nne inasoma kama haikuwahi kuumwa.

#22 Mkaa Kimya

Bado nipo kwenye mkeka.

#23 Mwana wa Chumbageni

Wakuu mrejesho, wiki ya saba. Nimefanya kila jioni baada ya kazi, CD nne, tano, Jumapili kumi.

Mafungu yalivyotoka: CD za muziki halisi 171, VCD 48, za MP3 31, DVD 13. Yaani zaidi ya theluthi ya "CD" za mzee zilikuwa na picha au MP3, na ningenunua ile mashine ya kumeza huenda ningekwama nazo. Kati ya 171, zilizosoma sawa mara zote mbili ni 152. Kumi na moja zina wimbo mmoja au miwili yenye kasoro. Nane zimegoma kabisa, saba kati ya hizo ni za kuchomwa nyumbani, zimekuwa nyeupe kama maziwa ya chai. Nimezipeleka kwa jamaa mwenye CPU ya OptiPlex, mbili zimefufuka. Fundi, ulisema.

Kunakili hakukunichosha. Kilichonichosha ni majina. Za Ulaya zilijileta zenyewe kutoka MusicBrainz, hazina ya mtandaoni ya majina ya nyimbo. Za kwetu nilikuwa nampigia mzee simu, namchezea sekunde kumi, anataja wimbo, mtunzi, aliyepiga solo na ukumbi aliosikia mara ya kwanza. Simu ya dakika mbili inakwenda arobaini. Nilianza kwa kuona ni kero, sasa naandika yote kwenye daftari.

Ila kuna tatizo jipya. Deki niliyomnunulia ina USB, haisomi FLAC, kwa hiyo nimetoa MP3 za 320 nikamwekea kwenye flashi ya 32, kila albamu na folda yake. Anapiga, anafurahi, halafu ananipigia simu: "Mwanangu, huu wimbo haufuati baada ya ule." Nyimbo zinaruka ruka. Nikitazama kwenye kompyuta zimepangika vizuri. Nini hiki?

#24 Mtoto wa Kisauni

Umeandika namba mbele ya jina? 01, 02, 03? Si 1, 2, 3, maana 10 itatangulia 2.

#25 Mwana wa Chumbageni

Nimeandika. 01, 02, yote.

#26 Fundi Jicho

Deki nyingi za bei ndogo hazisomi namba wala herufi. Zinafuata mpangilio ambao mafaili yaliingia kwenye flashi. Kompyuta inakupangia kwa herufi ili upendezwe, lakini ndani ya flashi yamekaa yalivyofika. Ukikopi folda kumi kwa mpigo, yanaweza kufika yamechanganyikana. Ifomati tena FAT32, kisha kopi albamu moja moja kwa utaratibu, au tumia DriveSort, programu ndogo ya Windows inayopanga upya orodha ya ndani ya flashi. Dakika moja.

#27 Baharia wa Muttrah

Na mie changu ndivyo kilivyokuwa kinanifanyia, nikadhani kimezeeka.

#28 Mwana wa Chumbageni

DriveSort imefanya kazi, nimetuma flashi na basi la saa kumi na mbili. Mzee amepiga simu leo asubuhi. Nyimbo zinafuatana kama kwenye CD, ameshukuru.

Halafu ameuliza CD zake ziko wapi. Nikamwambia mzee, ziko kwangu Dar, salama, huzihitaji tena, zote zimo kwenye flashi. Amenyamaza kidogo. Akaniambia, "Na makaratasi yake? Mimi wimbo ukilia huwa nasoma nani kapiga nini."

#29 Mpenda Dansi

Zirudishe zote Ijumaa hii.

#30 Mwana wa Chumbageni

Nimeshakata tiketi. Nabeba na draivu, nikifika nipige picha majalada yote kabla hayajaliwa na mende. Mkaa Kimya, wewe zako 80 unaanza lini?

#31 Mkaa Kimya

Draivu nimeagiza jana.